Kucha za Paka na Miguu ya Haluwa

Ninyi mnaoshika kazi hii baada yangu mtakuta vitu vyangu kwenye rafu ya kushoto, ukiingia tu ghalani: mkasi mdogo wa kukatia popoo za tambuu, kopo la mafuta ya ufuta, kikoi kuukuu na chungu cha asali. Asali imebaki kidogo kwa sababu, nikisema kweli, si paka peke yao waliokuwa wakiilamba. Sitawaeleza nilipanda vipi cheo, kwani sikupanda. Niliingia nikiwa mtunza paka na nimetoka nikiwa mtunza paka. Nitawaeleza namna ya kutazama miguu na kucha za wanyama hawa, na pamoja na hayo nitawaeleza jambo nililolitenda ambalo hunitia haya kila nikilikumbuka. Hilo la pili ningelipenda kuliacha, lakini bila hilo, la kwanza halitawafaa.

Nilianza kazi kwa Bwana Omari, mwenye ghala la mpunga na mahindi hapa Kipini, mji ukiwa na bendera moja, na nimeacha ukiwa na nyingine. Paka hawakuona tofauti, na panya vilevile. Nafaka ilishuka na mto kwa mitumbwi, kutoka mashamba ya Idsowe na wakati mwingine kutoka mbali huko Wenje. Ikifika hapa ilipetwa, ikawekwa ghalani, ikangoja kusafirishwa. Penye mpunga pana panya, na ndiyo maana Bwana Omari alifuga paka kumi na wawili na kuwawekea mtu.

Siku ya kwanza nilidhani kazi ni kuwapa dagaa na kuwafungulia mlango. Aliyekuwa akiwatunza kabla yangu ni Fundi Bakari, mtu mzima wa Lamu, mwenye ndevu chache na maneno mengi. Alinipa paka dume nimshike, na yule dume akanichana kutoka sikioni mpaka kidevuni. Fundi Bakari hakuniuliza kama nimeumia.

"Wamshika kama kuku wa kuchinja," aliniambia kwa Kiamu chake, akiniita kwa mkono. "Paka ni mtu wa heshima. Ndoo hapa, tazama. Mfunge kikoi, umtoe mguu mmoya tu, na usimkodolee mato."

Hivyo ndivyo mtakavyofanya. Mfungeni kikoi mwili mzima, kichwa kikiwa nje, mtoe mguu mmoja. Bonyezeni kidole taratibu, juu na chini, kucha itachomoza yenyewe. Itazameni kwenye mwanga. Mtaona sehemu nyeupe mbele na sehemu ya rangi ya waridi nyuma. Hiyo ya waridi ina damu na uhai, msiiguse. Kateni ncha nyeupe tu, na mkikosea damu ikatoka, bandikeni unga mkavu wa mchele, mshikilie, wala msimpigie kelele paka kana kwamba kosa ni lake.

Paka wa ghalani wana taabu ambayo wa mitaani hawana. Sakafu yetu imesakafiwa, ni laini, na magunia yakiparuliwa mpunga unamwagika, kwa hiyo paka hufukuzwa kila anapotaka kunoa kucha. Kucha zikikosa mahali pa kunolewa hurefuka, na kwa paka mzee hunenepa na kupinda mpaka zikaingia kwenye nyama ya unyayo. Kucha ya kidole gumba, ile ya juu isiyogusa chini, ndiyo husahauliwa. Tulikuwa na jike mmoja mwenye vidole sita kila mguu wa mbele. Nilimkata kucha mwezi mzima nikijisifu, na kumbe ile ya sita sikuwa nimeiona, imejificha kwenye manyoya na imeshajikunja kama pete. Ilibidi kumwosha kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu asubuhi na jioni, kisha asali, kisha kumzuia asilambe asali, kazi ambayo sijaona mwanadamu aliyeiweza. Mwekeeni kila paka gogo la mkoko lililozungushiwa kamba ya kumbi za nazi. Gogo moja linashinda mikasi kumi.

Hayo niliyajua vizuri. Watu waliniita mganga wa paka, na mimi nilijifanya sipendi.

Sasa chokaa. Mpunga unaoshuka mto ukiwa umejaa huwa na unyevu, na fukusi, wale wadudu wanaotoboa punje, wanaupenda. Dawa ya fukusi hapa kwetu ni chokaa iliyochanganywa na majivu, inayonyunyizwa sakafuni na pembeni mwa kuta kabla ya magunia kupangwa. Kazi hiyo ilikuwa ya mtunza paka, kwa sababu yeye ndiye aliyejua paka wanalala wapi. Fundi Bakari alikuwa na sharti lake. Chokaa ikitoka tanuuni haitumiwi. Humwagiwa maji, ikafukiwa shimoni, ikalala miezi, na hiyo iliyolala ndiyo hunyunyizwa. Tena hunyunyizwa jioni, paka wakiwa wamefungiwa uani, na asubuhi hufagiliwa ibaki ile ya kwenye nyufa.

"Chokaa mbichi yala," alikuwa akisema. "Yala fukusi, yala na ngozi."

Fundi Bakari alipofariki nililia kweli, kisha nikarithi mitawanda yake. Hili la mitawanda lazima niwaeleze. Ghalani hakuna anayeingia na viatu, maana nafaka ni chakula na chakula hakikanyagwi. Mtunza paka peke yake, kwa vile huingia kila pembe yenye mikojo na mizoga ya panya, aliruhusiwa kuvaa mitawanda ya mti isiyotoka nje ya mlango. Ilikuwa kama kilemba kwangu. Niliivaa siku nzima, nikipita katikati ya watu wenye miguu mitupu, ko, ko, ko, ili wasikie fundi anakuja.

Mwaka mmoja mto ulijaa sana na mpunga ukaja mwingi, umelowa. Nikaenda kwenye shimo la chokaa nikakuta waashi wamelimaliza. Ningeweza kumwambia Bwana Omari tungoje, au tutumie majivu matupu. Badala yake nilichukua chokaa mbichi tanuuni, nikaitwanga, nikainyunyiza. Fukusi walikufa wengi kuliko wakati wowote. Bwana Omari alifurahi, na mimi nikaona Fundi Bakari alikuwa mzee mwenye woga. Tangu siku hiyo nikawa natumia mbichi. Nikaacha na kufagia, kwa kuwa nikifagia naondoa dawa.

Siku ya nne au ya tano paka wakaanza kuchechemea. Nyama laini ya nyayo ilikuwa nyekundu, imebabuka, na kwenye mizizi ya kucha kulikuwa na usaha. Wengine midomo na ndimi zilikuwa na vidonda, maana paka hujisafisha miguu kwa ulimi. Mngekuwa ninyi, mngejiuliza ni kitu gani kinachounguza mguu na ulimi pamoja. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na kazi ya kuonyesha umahiri wangu: niliosha, nikapaka mafuta, nikakata kucha zilizolegea, na baada ya majuma matatu, chokaa ikishapungua ukali, wakapona. Nikasifiwa. Ikaja shehena nyingine, nikanyunyiza tena, wakaumwa tena, nikawaponya tena, nikasifiwa tena. Mambo yalikwenda hivyo karibu miaka miwili.

Kila shehena ilipokuja, alikuja nayo mpetaji wa mpunga aitwaye Haluwa, Mpokomo wa Idsowe, mwanamke wa makamo, mjane. Alikuwa akipeta ndani ya ghala, akisimama na ungo wake tangu asubuhi, na kufagia mpunga uliomwagika ili usipotee. Alipeta vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Punje haikuruka nje ya ungo wake. Shehena ikimalizika hurudi kwao. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, lakini siku moja aliniita nikiwa nimemfunga paka kikoi.

"Fundi," alisema, "miguu yangu inawaka."

"Paka mafuta," nikamjibu bila kuinua macho.

"Napaka. Haisaidii. Wewe ukimwaga hiyo chokaa, inawaka. Mimi nikienda nyumbani, inapona. Huyu paka naye ni hivyo hivyo. Nyumbani kwake ni hapa, ataponea wapi?"

Wapagazi wawili walikuwa karibu, na mmoja akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Nilisimama juu ya mitawanda yangu nikamwambia, "Wewe mwanamke umekuja kupeta mpunga, hukuja kunifundisha kazi. Nyayo za mtu na nyayo za paka ni mbalimbali." Akanitazama kidogo, akarudi kwenye ungo wake. Naandika haya na uso unaniwaka. Alinipa jibu lote, limekamilika, na hakutaka chochote ila niache kumuunguza.

Shehena iliyofuata paka mmoja alikufa. Hakuwa akila kwa sababu ya mdomo. Panya wakaanza kuonekana mchana. Bwana Omari aliingia ghalani mbele ya wapagazi wote akaniuliza, kwa sauti aliyokuwa hajanisemesha nayo kabla, "Fundi, paka wangu wana nini? Kila mara wapona, kila mara waumwa. Ni nini kinachokuja na kwenda?"

Nilijua swali lile lina jibu, na nilijua kuwa jibu linaweza kuwa mimi. Sijui kama nililifikiri hivyo kwa maneno, lakini moyo ulilijua. Nikageuka nikamwona Haluwa kasimama na ungo.

"Kinachokuja na kwenda ni huyu," nikasema. "Itazame miguu yake. Ana ugonjwa, anawaambukiza paka sakafuni."

Bwana Omari alimwamuru ainue mguu. Akauinua, ameshikilia gunia asianguke, mtu mzima yule, mbele ya wanaume kumi. Unyayo ulikuwa umepasuka na kubabuka, na katikati ya vidole palikuwa pabichi. Mpagazi mmoja, Mbwana, akarudi nyuma akasema, "Ukoma huo!"

Nilikuwa nimewahi kuwaona wakoma. Nilijua mkoma hasikii maumivu, hata akikanyaga kaa la moto, na huyu alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba miguu inawaka. Ningesema neno hilo moja tu yangekwisha. Nikainama nikajifanya namtazama paka.

Haluwa alisema, "Si ukoma. Ni chokaa. Muulizeni fundi, nilimwambia."

Wote wakanitazama. Nikasema sikumbuki.

Ungo wake uliteketezwa uani. Wenye mitumbwi wa Idsowe walikataa kumpakia, na mitumbwi ikaondoka bila yeye, imebeba habari zake. Akarudi kwao kwa miguu, safari ya siku mbili na zaidi, kwa miguu ileile. Nilimwona akipita kwenye njia ya mashamba, akikanyagia ukingo wa nje wa nyayo. Nikaingia ndani nikaosha paka.

Shehena iliyofuata wapetaji walikuwa wawili wapya, nao walikataa kuingia ghalani kwa kuogopa sakafu ya mkoma. Wakapeta uani. Nikanyunyiza chokaa yangu, na siku ya nne paka wakachechemea. Watu wakasema ugonjwa wa yule mwanamke umeingia sakafuni. Nami nikasema huenda. Siku ile mvua ilikuwa imevuja pembeni mwa dari na sakafu ina unyevu. Msuruaki wa mtawanda wangu wa kulia ulikatika, ule mti mdogo wa kushikia kidole, na kwa kuwa nilikuwa na magunia ya kukagua nikaivua yote miwili. Nilifanya kazi miguu mitupu mpaka alasiri. Nilipokwenda kutia udhu na maji yakagusa miguu, nilipiga yowe. Ngozi kati ya vidole ilikuwa imelainika inatoka. Nilikaa kwenye ukingo wa birika, miguu yangu mbele yangu, na nilikuwa nikiitazama miguu ya Haluwa. Sala ile niliichelewesha.

Nilichofanya baadaye ni kibaya kuliko nilichofanya kwanza, maana mara ya kwanza ningeweza kusingizia ujinga, angalau nusu yake. Kesho yake nilifagia ghala lote na kuliosha kwa maji mengi, nikisema naondoa ugonjwa. Nikachimba shimo jipya la chokaa nyuma ya ghala, nikailaza. Nikaanza tena kunyunyiza jioni na kufagia asubuhi, kama nilivyofundishwa. Paka wakapona, na wakabaki wamepona. Bwana Omari akanishika mkono mbele ya watu akasema, "Fundi, mkono wako una baraka. Wewe ndiye uliyemtambua yule." Nikasema alhamdulillahi. Nilisema alhamdulillahi, kwa ulimi huu huu. Nikaendelea kusifiwa miaka mingi, na kila sifa niliipokea.

Nilipoacha kazi sikuwa tena na mitawanda wala sauti yake, na nyumbani kulikuwa kimya. Nikapanda mtumbwi mpaka Idsowe. Njiani nilijiambia huenda amekufa, na Mungu anisamehe, nilitumaini. Sikupata tabu kumpata. Nilimkuta kando ya shamba la migomba, nywele zimekuwa nyeupe, anapanga vichane vya ndizi. Miguu yake ilikuwa mizima, haina hata kovu.

Alinitambua upesi. "Fundi wa paka," alisema. "Karibu. Keti."

Nikamwambia yote, na vijana wa nyumba yake wakisikia. Nilimwambia kuhusu chokaa, udhu, na sifa nilizozipokea. Nililia, na yeye hakulia. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilijua. Nilikwambia."

"Miguu ilipona lini?"

"Mwezi mmoja. Nikawaonyesha watu hapa, wote wakaona. Lakini maneno yalifika kwa mtumbwi kabla mimi sijafika kwa miguu. Mpunga wangu hakuna mtu alinunua tena. Nikipeta, wanasema mkono wake umeshika ugonjwa. Nikaacha mpunga, nikapanda ndizi." Akainua kichane kimoja akakigeuza. "Ndizi ina ganda. Mtu anamenya, anatupa pale niliposhika. Ndizi wananunua."

Nikasema nitafanya chochote atakacho. Akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya ungo.

"Hapa usiseme tena. Hapa wameona miguu yangu. Kipini hawajaona. Nenda useme Kipini, pale pale uliposema kwanza."

Nikarudi. Ilinichukua siku tisa kupata ujasiri wa kuvuka njia kutoka nyumbani kwangu mpaka ghalani, hatua ambazo mnazijua. Nilimkuta Bwana Omari, naye sasa ni mzee na masikio yamekuwa mazito, ameketi na Mbwana mpagazi na wengine ambao sikuwajua. Nikasimama pale pale. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba mpetaji wa Idsowe hakuwa na ugonjwa, kwamba niliyewaunguza paka ni mimi, na niliyemuunguza yeye ni mimi, na kwamba nilisema uongo.

Bwana Omari akauliza, "Mwanamke yupi?"

Nikamweleza. Akafikiri, kwa wema, akijitahidi. Hakumkumbuka. Nikamgeukia Mbwana, yeye aliyetamka lile neno la ukoma. Akakuna kichwa. "Paka nawakumbuka," alisema. "Waliumwa sana mwaka ule. Huyo mwanamke, hapana. Fundi, hayo yamepita, ndoo unywe kahawa." Nikanywa. Sikujua la kufanya, nikanywa.

Wiki iliyopita umekuja mtumbwi kutoka Idsowe na ndizi, na mwenye mtumbwi alifika mpaka mlangoni kwangu. Alisema, "Haluwa anakuuliza, umesema? Na wao wamesema nini?" Nikamwambia nimesema. La pili sikumjibu. Alingoja mpaka maji yakageuka, akaniaga, akaondoka.

Atarudi mto ukijaa, nanyi mtakuwa ghalani. Basi paka watazameni kucha, chokaa ilazeni, na mkiambiwa na anayekanyaga sakafu kwamba inawaka, vueni mitawanda. Na huyu mjueni: ni Haluwa wa Idsowe, alikuwa mpetaji bora katika ghala hili, miguu yake haikuwa na ugonjwa wowote, na fundi alijua. Someaneni haya kwa sauti, na wapagazi wasikie, mniletee watakalosema kabla mtumbwi haujarudi. Nataka safari ijayo nipate la kumjibu.